Kununua Nyumba ya Kupangisha: Hesabu Tuliyofanya na Hesabu Tuliyoikuta



Kila mara sisi tuliomaliza masomo tunakutana, iwe kwa ndoa, iwe kwa kilio, mazungumzo yanaishia pa neno moja: parseli. Kazi ni ya kutafuta, mshahara unakawia, basi mmoja anasema: "Mi nikipata franga kidogo, ntanunua nyumba, ntapangisha, kisha ntaikala yangu." Lile neno "ntaikala" njo limenisukuma kuandika. Mimi na kaka yangu tulinunua nyumba mwaka wa 2016, hapa Lubumbashi, ndani ya komini ya Katuba. Tangu ile siku sijakaa.

Siandiki ili niwavunje moyo. Nyumba tungali nayo na imesaidia jamaa. Ninaandika kwa sababu hesabu tuliyofanya mbele ya kununua ilikuwa ya uongo, na hakuna mtu aliyetudanganya. Tulijidanganya wenyewe na diploma zetu mkononi: yaya yangu ya umeme, mimi ya uchumi.

Hesabu ilikuwa hivi. Mbele, nyumba kubwa ya vyumba 3 na salo. Nyuma, anekse ya milango 4, kila mlango chumba na kasalo kadogo. Bei ya yote: dola 11 500. Nyumba kubwa tungeipangisha dola 120 kwa mwezi, kila mlango wa anekse dola 35. Jumla 260 kwa mwezi, 3 120 kwa mwaka. Ukigawanya, unaona kwamba ndani ya miaka 4 franga zote zimerudi, na nyuma ya pale ni faida tupu. Yaya alipiga picha ile karatasi ya hesabu, akaiweka ndani ya telefone yake. Angali nayo. Tunaiangaliaka siku tunataka kucheka.

Mjue pia tulitoka wapi. Baba alikuwa mmoja wa wale wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliokubali kuondoka kazini mu 2003 na 2004, ile tuliita depar volonter. Franga alizopewa ziliisha upesi. Tukaanza kupanga. Mama alituhamisha mara 6 ndani ya miaka 9, na mara mbili kati ya zile tulihama kwa sababu mwenye nyumba alitufukuza. Kwetu sisi nyumba haikuwa biashara tu. Yaya alikuwa ameweka mshahara wake wa Kolwezi kwa miaka 5, mimi nilikuwa na franga za likelemba. Tulisema: jamaa yetu haitahamishwa tena na mtu.

1. Karatasi mbele ya matofali

Mwenye kutuuzia alikuwa mzee wa heshima. Alituonyesha fishi ya parseli ya komini, imeandikwa jina la marehemu baba yake. Majirani walimjua. Kiongozi wa kartie aliweka muhuri, mashahidi wakaweka sahihi, komisionere akachukua dola zake 500, tukapiga picha pamoja mbele ya nyumba. Ilikuwa Julai.

Mwezi wa tisa, wamama wawili walifika kutoka Likasi. Hawakupiga kelele. Waliketi chini ya mwembe, mkubwa wao akaniuliza:

"Mwanangu, ile nyumba ni ya baba yetu. Nani alimupa ndugu yetu ruhusa ya kuuzisha?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma miaka 5 chuo kikuu na sikuuliza lile swali moja: marehemu aliacha watoto wangapi?

Hapa nifasirie kidogo, maana wengi wetu tunajikwaa pale pale. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 inaweka watoto wote wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi, wavulana na wasichana sawasawa, na kundi lile linapata robo tatu za urithi. Mjane naye ana haki zake juu ya nyumba aliyoishi na mume wake. Kwa hiyo mtoto mmoja, hata akiwa mkubwa, hata akiwa yeye njo aliyebaki pa parseli na kumzika baba, hawezi kuuza peke yake mali ya wote. Anauza kitu ambacho ni chake kipande tu.

Jambo la pili ni udongo wenyewe. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Wewe unapata haki ya kuutumia, pamoja na nyumba iliyojengwa juu yake. Ile haki inathibitishwa na karatasi moja tu: sertifika ya kuandikisha udongo, inayotolewa na konservatere wa vyeti vya udongo. Fishi ya komini inasaidia, muhuri wa kartie unasaidia, sahihi za majirani zinasaidia, lakini zote ni njia ya kufika pa sertifika. Hazichukui nafasi yake. Na sertifika ikipita miaka 2 bila mtu kuipinga, kwa kawaida hakuna tena wa kukunyanganya udongo. Mwenye malalamiko anaweza kudai fidia tu.

Sisi tulikuwa na bahati. Wale wamama wangeweza kutupeleka mahakamani, na tungepotea miaka. Walikubali kukaa pamoja na ndugu yao na wazee wa jamaa. Kikao kilidumu siku mbili, na maneno mengi yalihusu kilio cha baba yao kuliko nyumba. Mwishoni ndugu aliahidi kuwapa sehemu yao, lakini alikuwa tayari amekula nyingi. Tuliongeza dola 1 200 sisi wenyewe ili jambo liishe. Warithi wote waliweka sahihi kwenye prose-verbali ya jamaa. Kisha tukaanza safari ya kugeuza jina na kupima udongo: karibu miaka 2 na dola 900 hivi, nikihesabu na taksi.

Kwa hiyo, mbele ya kutoa hata dola moja, fanya haya. Uliza jina gani limeandikwa kwenye ofisi ya vyeti vya udongo, uende mwenyewe, usimtume komisionere. Kama jina ni la marehemu, omba cheti cha kifo, prose-verbali ya jamaa na sahihi za warithi wote walio wazima. Uliza majirani watatu, na uulize kila mmoja akiwa peke yake. Ongea na wapangaji waliomo: wao wanajua ni nani anafikaka kuchukua franga na nani anafikaka kugombana. Pima mipaka kwa mita. Sisi tulikuta ukuta wa jirani umeingia kwetu mita moja na nusu. Tulinyamaza, kwa sababu siku zile tulikuwa tumechoka na vita.

2. Fundi, mchwa na mvua

Ile shida ya warithi ilitula miezi ya jua. Hapa kwetu kila mtu anajua: matengenezo ni ya kuanzia Mei hadi Septemba. Mwezi wa kumi mawingu yanaanza, Novemba mvua iko kazini hadi Aprili. Matofali yetu ya kuchoma yanatengenezwa na udongo wa vichuguu wakati wa jua, na wakati ule njo yana bei nzuri. Ukifika Desemba unakuta yamebaki machache, motokari inakwama njiani, na bei si ile. Sisi tulianza kazi tarehe 20 Novemba.

Tulifikiri ni kupaka rangi na kubadilisha mabati machache. Fundi alipanda, akatosha bati moja, akaniita: "Mama, kuya uone." Mbao za paa zilikuwa kama biskuti. Ulikuwa ukizigusa na kidole, kidole kinaingia. Mchwa uliojenga vile vichuguu vinavyotupa matofali ulikuwa umekula paa ya nyumba tangu miaka. Toka chini usingeona kitu.

Nilijifunza pale mambo ambayo sikusoma kokote. Bati ina namba, na namba kubwa maana yake ni bati nyembamba: 32 ni nyepesi kuliko 28. Mwenye duka atakuambia zote ni sawa, na kwa macho ni sawa, mpaka siku ya mvua ya mawe. Mbao zipakwe dawa ya mchwa mbele ya kupanda juu. Wengi wanatumia mafuta machafu ya motokari, si dawa kamili lakini ni afadhali kuliko bure. Na paa ni mbele ya rangi. Sisi tulikuwa tumepaka vyumba viwili mbele ya kutosha mabati, basi mvua moja ikafuta kazi ya wiki nzima.

Choo kilitusumbua zaidi. Familia 5 zilikuwa na choo kimoja cha shimo, karibu kujaa, na kisima cha maji kilikuwa hatua 12 toka pale. Wenye kujua afya wanashauri mita 30 kati ya shimo la choo na kisima. Parseli yetu ni mita 20 kwa 25. Fanya hesabu mwenyewe: hata ukiweka kimoja pembe hii na kingine pembe ile, unafika kwa shida, na choo cha jirani kiko ng'ambo ya ukuta. Kipindupindu si kigeni katika mji wetu. Tulifunga kile kisima kwa kunywa, tukabakisha maji yake kwa kufua na kujenga, tukavuta bomba na robine moja katikati ya kiwanja. Tukachimba fosi mpya na kujenga vyoo viwili. Ile kazi haiongezi hata dola moja kwenye bei ya kupangisha, maana mpangaji anaangalia rangi na salo. Lakini sikutaka kusikia siku moja kwamba mtoto amekufa kwa maji ya parseli yangu.

Juu ya mafundi, nitasema kifupi. Wa kwanza nilimpa dola 200 za kuanzia, akapotea wiki 3. Alikuwa kwenye kazi nyingine, na franga zangu zilikuwa zimenunua simenti ya mtu mwingine. Tangu pale ninanunua vifaa mimi mwenyewe, ninahesabu mifuko ya simenti asubuhi na jioni, na ninalipa kazi kwa vipande: msingi ukiisha, kipande, ukuta ukiisha, kipande, cha mwisho kinabaki mpaka mvua moja inyeshe na nione kwamba paa haivuji. Fundi mzuri hakatai. Akikataa, amekuambia jambo.

Matengenezo yote: dola 3 950. Miezi 7 bila mpangaji hata mmoja.

3. Wapangaji ni watu

Tulipofungua milango, watu walijaa. Wa kwanza aliniangalia toka juu mpaka chini, akauliza: "Weye njo mwenye nyumba? Bwana yako iko wapi?" Nilikuwa na miaka 28, sikuwa na bwana. Wasichana mnaosoma hapa, mjitayarishe kwa lile swali. Fundi atauliza, mpangaji atauliza, wa ofisini atauliza. Nilijifunza kujibu: "Karatasi iko na jina yangu," na kuendelea na kazi.

Garanti. Mwaka wa kwanza tuliomba miezi 6, kwa sababu kila mtu wa avenyu aliomba 6. Kumbe Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi 3. Miezi 6 ni ya nyumba za biashara. Nilikuwa ninavunja sheria bila kujua, na wapangaji walikuwa wanalipa bila kujua. Leo ninachukua 3, na ninawaambia kwa nini. Garanti si franga zako: ni deni. Mtu akiondoka vizuri unarudisha. Sisi tulikuwa tumeikula ndani ya mabati, na wa kwanza alipotaka kuhama ilibidi nikope ili nimrudishie. Kwa hiyo wengi "wanaikula" wenyewe: wanakaa miezi ya mwisho bila kulipa, halafu wanaondoka, na uharibifu unabaki kwako.

Konkontra iandikwe. Siku ya kuingia, pita na mpangaji chumba kwa chumba, muandike hali ya milango, vioo, taa, rangi, muweke sahihi wote wawili. Piga picha. Itakuokoa siku ya kutoka, na itamwokoa yeye pia.

Umeme. Konteri moja, familia 5. Mwezi wa kwanza niligawanya sawasawa. Mama wa mlango wa 2 alikuja akiwa amekasirika: yeye anapika na makala juu ya mbabula yake, ana taa 2 tu, na jirani yake anapika na resho asubuhi na jioni. Alikuwa na haki. Tuliweka konteri ndogo kwa kila mlango, na makelele yakapungua kwa nusu. Ile nusu nyingine ni ya maji, zamu ya kufagia choo, na muziki wa siku ya Mungu.

Sasa nifike pa jambo lililonifanya nisilale.

Mlango wa 3 alikuwemo mwalimu wa shule ya msingi, na mke wake na watoto 3. Alianza kupanga mapema mu 2017. Konkontra ilikuwa ya dola 35. Mshahara wake ulikuwa wa franga za Kongo. Sote tunakumbuka ule wakati: dola, ambayo kwa miaka ilikuwa franga 920, 930, ilipanda hadi karibu 1 600 mwisho wa 2017. Angalieni maana yake. Dola 35 zilikuwa kama franga 32 500 zamani. Sasa zilikuwa karibu 56 000. Mimi sikuongeza bei hata kidogo, lakini kwake bei ya nyumba ilikuwa imepanda sana, na mshahara ulibaki pale pale. Kufika Desemba alikuwa na deni la miezi 4.

Yaya alipiga simu toka Kolwezi: "Mudogo yangu, umutoshe. Shi hatuko mission." Alikuwa na haki yake: nusu ya zile franga zilitoka ndani ya jasho lake. Nilinunua kufuli. Nilifika pa parseli jioni moja ya mvua nikiwa nayo ndani ya sakoshi. Wazo langu lilikuwa kungoja watoke asubuhi, nifunge.

Mke wa mwalimu alinipa kiti. Mtoto wake mkubwa alikuwa anafanya kazi ya shule karibu na mshumaa, umeme ulikuwa umekatika. Nikakumbuka mama yangu pa nyumba ya 5, sufuria na matandiko yetu barabarani, watu wakipita wakituangalia. Mwenye nyumba wa wakati ule sikuwahi kumsamehe. Sasa kufuli ilikuwa ndani ya sakoshi yangu mimi.

Kufunga mlango wa mpangaji hivyo ni kosa pia mbele ya sheria. Kumtosha mtu kunapita kwa preavi, na asipotoka, kwa mahakama ya amani. Si kwa kufuli, si kwa kutosha mabati, si kwa kutuma askari rafiki yako. Lakini nisiseme uongo: usiku ule haikuwa sheria iliyonizuia.

Tuliongea mpaka saa tatu. Tukaandika upya konkontra: franga 45 000 za Kongo kwa mwezi, bila kubadilika kwa mwaka mzima, deni la miezi 4 ligawanywe ndani ya miezi 10. Yaya hakuongea nami wiki 2. Mwalimu alilipa, mara kwa kuchelewa, mara nusu. Alipoondoka mu 2019 alikuwa amebakiza deni la franga 60 000, na mpaka leo sijaziona.

Upande wa mbele, ndani ya nyumba kubwa, tulikuwa na mpangaji mwenye mshahara wa dola, motokari nzuri, alilipa miezi 6 kwa mara moja. Mimi na yaya tulimpenda sana. Aliondoka bila kuaga, kuta zimetobolewa, milango 2 haifungi, deni la umeme dola 160. Sitasema kwamba maskini ni wazuri na matajiri ni wabaya. Nimekuta mwizi pande zote mbili. Ninasema tu kwamba mtu mwenye kulipa vizuri siku ya kwanza amekuonyesha franga zake, bado hajakuonyesha tabia yake. Siku hizi ninauliza alikuwa anapanga wapi, kisha ninaenda kumsalimia mwenye nyumba wa pale.

4. Hesabu ya kweli

Tuchukue mwaka wa 2018, mwaka wa kawaida, bila msiba mkubwa.

Kwenye karatasi: dola 3 120.
Nyumba kubwa tupu miezi 2: tutoshe 240.
Milango ya anekse tupu, miezi 5 kwa jumla: tutoshe 175.
Franga zisizolipwa ama zilizopungua: 210.
Matengenezo (milango, rangi, robine, kutosha uchafu wa fosi): 380.
Deni la umeme la aliyetoroka: 160.
Kodi ya serikali, karatasi na safari: 255. Ndani yake kuna kodi juu ya mapato ya nyumba, ile IRL, inayoingia ku jimbo. Ukipangishia kampuni ama shirika, wao wanakata sehemu yake mbele ya kukulipa. Omba karatasi ya kuonyesha.

Zilizobaki: dola 1 700. Na sikuhesabu ile noti ya dola 50 yenye kupasuka kidogo pembeni, ambayo hakuna duka lilikubali kuipokea.

Na bei ya nyumba haikuwa tena 11 500. Ongeza komisionere 500, karatasi 900, wamama wa Likasi 1 200, matengenezo 3 950: inafika 18 050. Gawanya kwa 1 700. Si miaka 4. Ni miaka 10 na miezi 7.

Nimelinganisha na wenzangu watatu wenye nyumba za kupangisha, mmoja Kampemba, mmoja Ruashi, mmoja Likasi, na sote tumefika karibu pamoja. Kwa hiyo nimejifanyia kanuni ndogo, nanyi muijaribu: bei wanayokuambia, iongezee nusu, franga za nyumba unazotarajia, zikate nusu. Kama kisha hayo hesabu bado inakupendeza, nunua. Kama inakubali tu pale kila mtu analipa, hakuna kinachovunjika na marehemu alizaa mtoto mmoja, acha.

5. Basi, tungerudia?

Yaya anasema ndiyo, mimi ninasema ndiyo lakini si vile. Tungeanza na milango 2, si 5. Tungenunua mwezi wa nne, ili jua litukute na karatasi tayari. Tungeweka pembeni dola 4 000 ambazo hazinunui kitu, zinangoja tu. Na tungeandika baina yetu sisi wawili, ndugu wa tumbo moja, nani anaamua nini. Ile kufuli karibu ituharibie undugu kuliko ituletee franga.

Faida imekuwepo. Mdogo wetu wa mwisho amesoma Unilu kwa franga za anekse, mwaka kwa mwaka, bila kukatiza. Wakati franga ya Kongo ilianguka, parseli haikuanguka nayo: mwaka jana mtu alitutolea dola 22 000, tukakataa. Na mama yetu anakaa sasa mlango wa 1. Halipi. Kwa hiyo ile hesabu ya 1 700 imepungua tena, lakini ile moja hatuiandiki.

Nimalizie kwenu mnaosoma bado. Tunafundishwa kuhesabu, na ni vizuri. Lakini ukinunua nyumba ya kupangisha, umenunua pia ugomvi wa jamaa ya marehemu, mchwa wa miaka 30, choo cha jirani, na mshahara wa mwalimu usiofika. Hayo yote hayakuandikwa kwenye bei. Uyaweke ndani ya hesabu mbele, halafu uamue.

Kufuli ningali nayo. Niliiweka kwenye mlango wa jiko langu.